Hedifoni zinakatika kivukoni lakini chumbani ziko sawa: ubovu uko wapi?

SWALI: "Habari za kazi, fundi. Miezi mitano iliyopita nilinunua hedifoni ndogo zisizo na waya pale Makoroboi, Mwanza, kwa shilingi 35,000. Mwanzoni zilifanya kazi vizuri. Sasa kipande cha kushoto kinatoa sauti ndogo kuliko cha kulia, na chaji yake inaisha mapema. Nikiwa chumbani kwangu Nyegezi hazikatiki hata kidogo, lakini nikipanda kivuko kwenda Kamanga, ambako ninafanya kazi, sauti inakatikakatika ingawa nimesimama pembeni peke yangu na hakuna mtu mwenye simu karibu. Nikipigiwa simu, watu wanalalamika kwamba nasikika kama niko ndani ya pipa, na mimi pia nawasikia vibaya. Wiki tatu zilizopita nilinyeshewa nikishuka kivukoni, nikazilaza kwenye mchele usiku kucha. Fundi mmoja ameniambia zimekufa, ninunue nyingine. Mama mkubwa naye anasema hata nikinunua nyingine, mionzi yake itaniharibu ubongo. Nifanye nini?"

JIBU: Ndugu yangu, umeleta maswali matano katika bahasha moja, na nadhani hapo ndipo mwenzangu alipoteleza: aliyasikia malalamiko yote kwa mkupuo, akahesabu kwamba ugonjwa ni mmoja na kwamba ni wa kufisha. Nikiyasoma taratibu naona mambo kadhaa yasiyohusiana ambayo yamekutana kwenye kifaa kimoja, na mawili kati yake, kukatika kivukoni na sauti mbaya ya simu, si ubovu hata kidogo. Hayo ungeyakuta hata kwenye hedifoni za laki tano. Kwa hiyo usinunue kitu chochote kabla hatujayatenganisha.

Naanza na kivuko, kwa sababu ndicho kinachokushangaza zaidi na ndicho chenye maelezo mazuri zaidi. Umesema kwamba hakuna mtu mwenye simu karibu yako, maana yake unaamini kwamba kukatika kwa sauti husababishwa na vifaa vya watu wengine. Imani hiyo ina ukweli nusu. Bluetooth, ambayo ndiyo inayounganisha simu na hedifoni zako bila waya, hutumia mawimbi ya redio ya gigahetzi 2.4, masafa yaleyale yanayotumiwa na waifai nyingi, maikrowevu za jikoni na vifaa vingine chungu nzima, kwa hiyo pale stendi ya Nyegezi au ndani ya daladala iliyojaa, msongamano wa mawimbi upo kweli. Lakini waliobuni teknolojia hii walilijua hilo tangu mwanzo. Walichokifanya ni kuyagawa masafa hayo katika vijia 79 vyembamba, kisha wakavifanya vifaa viwili vilivyounganishwa viruke pamoja kutoka kijia kimoja hadi kingine mara 1,600 kwa sekunde, kwa mpangilio ambao vinaujua vyenyewe. Tangu mwaka 2003 vifaa hivyo vimeongezewa uwezo wa kukumbuka ni vijia vipi vina kelele na kuvikwepa. Ndiyo maana watu arobaini wanaweza kusikiliza nyimbo arobaini ndani ya basi moja bila kuingiliana sana.

Adui anayekusumbua kivukoni ni wewe mwenyewe. Simamisha wimbi la gigahetzi 2.4 ukalipime, utakuta urefu wake ni kama sentimita 12, na wimbi la namna hiyo hunyonywa sana na maji. Mwili wa binadamu, kwa sehemu yake kubwa, ni maji. Ukiweka simu kwenye mfuko wa nyuma upande wa kulia, kisha ukatarajia kipande cha sikio la kushoto kiisikie, umeweka katikati yao kiuno, mgongo na kichwa, na kidogo sana cha wimbi hilo kinafika kikiwa kimenyooka.

Utaniuliza: mbona chumbani simu iko mfukoni vilevile na hazikatiki? Chumbani wimbi halihitaji kupita ndani yako. Linatoka mfukoni, linagonga ukuta, linagonga dari ya bati, linagonga kabati, na sehemu yake inarudi na kulifikia sikio kutoka upande mwingine, kama vile unavyomsikia mtu aliye nyuma ya mlango kwa mwangwi wa korido. Sasa simama pembeni mwa kivuko ukiangalia ziwa. Mbele yako hakuna ukuta, juu yako hakuna dari, na wimbi linalotoka mfukoni linakwenda zake kuelekea Sengerema bila kugonga kitu cha kulirudisha. Kivuko kina chuma chake, nakubali, lakini pale pembeni kinachorudi ni kidogo na kinabadilika kila ukigeuka. Kwa hiyo mahali ulipodhani ni pa wazi na salama kuliko pote ndipo Bluetooth inapopata taabu. Watu wanaokimbia asubuhi kando ya ziwa kule Capri Point huniletea malalamiko hayohayo, na wengine wamekwisha kubadilisha hedifoni mara mbili bila kupata nafuu.

Kuna jambo la pili linaloongeza uzito. Katika hedifoni nyingi za bei yako, simu huongea na kipande kimoja tu, ambacho tukiite mkubwa, na mkubwa humpelekea mdogo wake sauti kwa kupitia, au tuseme kwa kuzunguka, kichwa chako. Kama mkubwa ni wa kulia na simu iko kushoto, umejitafutia matatizo. Jaribio lake ni rahisi na halina gharama: ukiwa kivukoni, hamisha simu kutoka mfuko wa nyuma hadi mfuko wa shati au uishike mkononi mbele ya kifua. Kama kukatika kutakoma, hedifoni zako ni nzima kwa upande huo. Kisha jaribu mfuko wa mbele wa kulia kwa dakika tano na wa kushoto kwa dakika tano, utagundua upande upi ndio mkubwa, na kuanzia siku hiyo simu ikae upande huo.

Suala la kusikika kama uko ndani ya pipa nalo huwachanganya wengi, kwa sababu muziki unasikika vizuri na mtu anajiuliza vipi kifaa hichohicho kiharibike simu inapoingia. Muziki ni safari ya upande mmoja: simu inapeleka, hedifoni zinapokea, na nafasi yote ya hewani inatumika kuleta sauti nzuri. Mazungumzo yanahitaji njia mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo simu inapoita, hedifoni huachana na mpango wa muziki na kuhamia mpango wa mazungumzo, ambao ni wa zamani na umebana. Katika muziki wa kawaida sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde. Katika mpango huu wa mazungumzo hupimwa mara 8,000, au 16,000 kama simu na hedifoni zote zina uwezo huo. Ndiyo maana wewe pia unawasikia vibaya, na ndiyo maana hata muziki wako hugeuka kuwa kama wa redio ya mkulima mara tu programu yoyote inapoiomba simu ifungue kinasa sauti.

Kwa upande wa wanaokusikiliza, ongeza kwamba kinasa sauti kiko sikioni, mbali na mdomo, na kwamba upepo wa ziwa unaingia moja kwa moja katika tundu lake. Lisafishe hilo tundu kwa mswaki laini mkavu, lakini usiniwekee matumaini makubwa. Ushauri wangu wa kweli, ambao wauzaji hawaupendi, ni kwamba simu muhimu ukiwa kivukoni uipokee kwa simu yenyewe, au uwe na hedifoni za waya zenye kinasa sauti kwenye waya.

Sasa tufike kwenye kipande cha kushoto, ambacho ndicho chenye ugonjwa halisi, na hata hapo nina shaka kama ni mgonjwa mahututi. Kabla ya yote, ondoa shaka juu ya simu: ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu (Accessibility), utafute mstari wa kugawa sauti kati ya kushoto na kulia, uone kama kitone chake kiko katikati. Nimewahi kupokea kifaa kilichotumwa kwa boti kutoka Ukerewe kwa sababu tu mtoto alikuwa amekisogeza kitone hicho. Kisha unganisha hedifoni na simu ya mtu mwingine. Kama upande wa kushoto bado uko chini, shida iko kwenye kipande chenyewe.

Vua kile kipira cha mbele na umulike kwa tochi ndani ya mdomo wa kipande. Utaona wavu mdogo, mwembamba kuliko wa chujio la chai, na ninakisia utauona wa kushoto una rangi ya kahawia wakati wa kulia unang'aa. Hiyo ni nta ya sikio. Mwezi uliopita dada mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliniletea hedifoni zake akisema upande mmoja umekufa kabisa. Nilipouweka wavu chini ya lenzi niliona utando wa nta uliokauka, na juu yake, limelala kama kifuniko cha chungu, gamba moja la dagaa, jembamba na linalong'aa. Dakika nne za mswaki zilimrudishia sauti yote, na bahati mbaya alikuwa amekwisha kununua nyingine asubuhi ileile.

Namna ya kusafisha ina utaratibu wake. Kigeuze kipande ili wavu uangalie chini, usugue taratibu kwa mswaki laini wa mtoto ulio mkavu, uchafu uanguke nje badala ya kuzama ndani. Usitumie sindano wala njiti ya kiberiti, kwa maana wavu ukitoboka uchafu utaingia kwenye spika na hautatoka. Usipulize kwa mdomo, kwa kuwa pumzi yako ina unyevu. Usidondoshee spiriti kwenye wavu, kwa sababu huiyeyusha nta ikaenda kuganda mahali ambapo mswaki haufiki. Kipira chenyewe kioshe kwa maji na sabuni, ukikaushe kabisa ndipo ukirudishe.

Spiriti ina kazi mahali pengine, na hapo ndipo tunapofikia chaji inayoisha mapema. Fungua kasha la kuchajia utazame chini ya shimo la kushoto: kuna vichwa viwili vya chuma, vidogo kama vya pini, na kipande nacho kina alama mbili za chuma zinazokaa juu ya vichwa hivyo. Chaji yote hupita hapo. Jasho na mafuta ya ngozi vikijenga tabaka, kipande kinaweza kulala ndani ya kasha usiku kucha kikapata chaji nusu, nawe asubuhi ukadhani betri imechoka. Lowesha kijiti cha pamba kwa tone la spiriti, kikamue, usugue vichwa na alama hizo mpaka pamba itoke nyeupe, uache dakika kumi, kisha urudishe kipande na uangalie kama taa inawaka kama ya upande wa pili. Usitumie dawa ya kutakasa mikono badala ya spiriti. Nyingi zina gliserini, ambayo inabaki na kunata.

Na mvua je? Kunyeshewa si jambo kubwa sana. Hedifoni nyingi huandikwa IPX4, maana yake zinastahimili maji ya kurushiwa kutoka pande zote. Kuna tahadhari mbili ambazo boksi halizitaji kwa sauti kubwa: mara nyingi alama hiyo ni ya vipande tu wala si ya kasha, na vipimo vyake hufanywa kwa maji safi. Hapa tumebarikiwa, kwa kuwa Ziwa Victoria ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kifaa kilichotumbukia humo kina nafasi nzuri kuliko kilichotumbukia baharini Dar es Salaam au Tanga. Chumvi yetu sisi inatoka kwenye jasho. Kinachoua ni kukirudisha kipande kilicholowa ndani ya kasha na kukichaji. Umeme ukipita kati ya vyuma viwili vyenye unyevu wa chumvi katikati, chuma huliwa kidogokidogo, na baada ya wiki mbili tatu unaona ukoko wa kijani kwenye kile kichwa kimoja. Siku zako zinanitia wasiwasi kwa sababu zinalingana na hilo. Ukiuona ukoko huo na usitoke kwa spiriti, tatizo limevuka uwezo wa kijiti cha pamba, na fundi atahitaji kulifungua kasha.

Mchele nao hauna msaada, na unaweza hata kudhuru. Punje kavu hazivuti unyevu uliojificha nyuma ya wavu. Huacha unga na chenga ndani ya matundu ya kuchajia. Apple wenyewe huwaonya wateja wasiiweke iPhone iliyolowa ndani ya mfuko wa mchele kwa sababu hiyohiyo. Siku nyingine futa vipande kwa kitambaa, vikung'ute wavu ukiangalia chini, viache nje ya kasha mahali penye upepo na kivuli kwa siku nzima, na usivichaji mpaka uwe na hakika. Jua kali la saa saba juu ya bati usilitumie, kwa kuwa betri hizi huogopa sana joto.

Kuhusu betri yenyewe, kila kipande kina betri ndogo mno, kwa kawaida kati ya milliampia-saa 30 na 60, wakati simu nyingi za sasa zina kama 5,000. Betri za lithiamu za aina hii hupoteza nguvu taratibu, na baada ya kuchajiwa mara 300 hadi 500 hushuka kwa kiasi kinachoonekana. Wewe uko mwezi wa tano, kwa hiyo uzee ni mapema, ingawa yule mkubwa anayeongea na simu hufanya kazi zaidi na huchoka kabla ya mwenzake. Yale mafundisho kwamba chaji ya kwanza iwe ya saa nane mfululizo yalitoka enzi za betri za nikeli na hayana maana kwa hizi zako.

Ukisafisha vyote na kushoto bado kunaisha mapema, chaguo zako ziko tatu na nitakwambia ukweli wa kila moja. Kubadilisha betri kunawezekana, lakini ganda limegundishwa, likifunguliwa halirudi kuzuia maji kama awali, na ufundi peke yake unaweza kula nusu ya bei uliyonunulia. Kwa hedifoni za shilingi 35,000 mimi huwashauri wateja waache. Kununua kipande kimoja cha kushoto kunafaa kwa kampuni kubwa zinazouza vipande rasmi. Kwa hizi zisizo na jina, kipande kilichotolewa kwenye seti nyingine mara nyingi hukataa kuungana na mwenzake, hata kama kwa sura ni pacha. Chaguo la tatu ni kununua mpya, na ukifika huko usidanganywe na neno AirPods, ambalo madukani kwetu limekuwa jina la kila kitu cheupe kinachoingia sikioni, hata kisichojuana kabisa na Apple. Hedifoni hazina namba ya IMEI kama simu, kwa hiyo ile njia ya kubonyeza *#06# haitakusaidia kutambua bandia. Kipimo chako ni kuzijaribu palepale: unganisha na simu yako, sikiliza kila upande peke yake, mpigie mtu, kisha weka simu mfuko wa nyuma na utoke nje barabarani.

Mama mkubwa mpe heshima zake na umweleze hivi. Mawimbi ya Bluetooth si ya aina ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembe za mwili. Kifaa cha kawaida cha kundi hili hutoa hadi miliwati 2.5, wakati simu ya mfumo wa GSM ikitafuta mnara wa mbali inaweza kufikia wati 2 katika kilele chake, nayo ndiyo tunayoibana sikioni kila siku bila maneno. Hofu yake ningeihamishia kwenye ukubwa wa sauti. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo saa hizo zinavyopungua haraka. Kivukoni injini inanguruma, nawe, kwa kuwa kushoto kuna sauti ndogo, unaongeza. Sikio la kulia ndilo linalolipa deni la wavu mchafu wa kushoto.

Ukianza kusikia mlio usiokoma, maumivu, au usaha ukitoka, acha hedifoni na uende kwa daktari wa masikio, hospitali ya Sekou Toure au Bugando, kwa kuwa fundi hana la kukusaidia hapo. Vivyo hivyo, kasha likivimba, likipata joto bila kuchajiwa, au likitoa harufu tamu ya kemikali, usilibonyeze wala kulitoboa. Liweke juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na pazia, kisha umletee fundi.

Fanya hivyo vyote kwa utaratibu, jambo moja kwa siku, ili ujue lipi limesaidia: leo mswaki kwenye wavu, kesho spiriti kwenye kasha, kesho kutwa simu kwenye mfuko wa mbele ukivuka. Usivibadilishe vyote asubuhi moja, la sivyo utapona bila kujua dawa. Kama bado kuna shida, nenda kwa fundi mwenye lenzi na mita mezani, na ubebe vitu vyote, yaani vipande viwili, kasha na simu yako. Wateja wengi huniletea kile kipande kibovu peke yake ndani ya karatasi, kasha wameliacha nyumbani, nami ninalazimika kuwarudisha Igoma kulifuata.